Ubingwa wa Ulaya wa kikapu: kwa nini Slovenia na Lithuania huzishinda nchi kubwa?

Msomaji wa Morogoro anauliza: “Slovenia ina watu kama milioni mbili, hawafiki hata nusu ya wakazi wa Dar es Salaam, lakini mwaka 2017 ilitwaa ubingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu, yale mashindano yaitwayo EuroBasket, na Hispania, Ufaransa na Urusi zote zilikuwemo. Lithuania nayo imeshatwaa ubingwa huo mara tatu. Katika kandanda nchi hizi hazifiki mbali. Je, ni bahati, ni urefu wa watu wao, au wana jambo ambalo sisi hatulioni?”

Ndugu msomaji, bahati ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Urefu nao unasaidia, ila hauelezi mengi. Jambo kubwa ni kwamba katika mchezo huu nchi ulizozitaja si ndogo hata kidogo. Zimekuwa na makocha waliorithishana kazi kwa vizazi kadhaa, klabu zinazowapokea watoto wakiwa bado wa shule ya msingi, na hadhira inayoufahamu mchezo kwa undani, kiasi kwamba ukihesabu watu wanaojua kikapu badala ya kuhesabu raia wote, Lithuania ni nchi kubwa na baadhi ya mataifa yenye makumi ya mamilioni ya watu ni madogo.

Nianze na urefu, kwa kuwa ndio jibu ambalo wengi hulikimbilia. Ni kweli kwamba Walithuania ni watu warefu, na Arvydas Sabonis, mchezaji wao mashuhuri kupita wote, ana urefu wa mita 2.21. Lakini Waholanzi ni miongoni mwa watu warefu zaidi duniani, idadi yao ni mara nyingi ya idadi ya Walithuania, nchi yao ni tajiri na ina viwanja vya kila aina, na pamoja na hayo yote Uholanzi haijawahi kupata medali yoyote katika EuroBasket ya wanaume; mafanikio yake makubwa ni nafasi ya nne mwaka 1983. Kama urefu ungetosha, kombe hili lingekuwa limezoea kupelekwa Amsterdam. Vijana warefu wa Uholanzi wamekulia katika nchi ambayo kandanda, mpira wa magongo na mbio za kuteleza kwenye barafu huwachukua mapema, na aliyebaki kwenye kikapu hapati idadi ya wapinzani wazuri ambayo kijana wa Kaunas, mji wa Lithuania, huipata ndani ya mji wake mwenyewe.

Historia inaeleza mengi zaidi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIBA, liliundwa Geneva mwaka 1932 na nchi nane, na Latvia, nchi ndogo ya Baltiki, ilikuwa mmoja wa waasisi hao. Mashindano ya kwanza ya Ulaya yalifanyika Geneva mwaka 1935, na Latvia ikaishinda Hispania katika fainali kwa pointi 24 kwa 18. Mwaka 1937 mashindano yalihamia Riga, mji mkuu wa Latvia, na safari hii Lithuania ikaichapa Italia 24 kwa 23. Mwaka 1939 Walithuania waliandaa mashindano mjini Kaunas, katika ukumbi walioujenga mahususi kwa ajili hiyo, wakatwaa tena. Kwa maneno mengine, makombe matatu ya kwanza yote yalikwenda kwa nchi mbili ambazo leo msomaji wa mbali angeziita wasindikizaji wa mashindano haya.

Hapa yafaa nikueleze jinsi Lithuania ilivyopata ujuzi huo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jibu langu. Walithuania wengi walikuwa wamehamia Marekani, na watoto wao walijifunza kikapu kule mchezo ulikozaliwa. Mmoja wao alikuwa Pranas Lubinas, ambaye Wamarekani walimwita Frank Lubin, mtu wa mita mbili hivi, aliyekuwa katika timu ya Marekani iliyoshinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Baada ya michezo hiyo alikwenda katika nchi ya wazazi wake, akaanza kuwafundisha vijana wa huko, na akawa nguzo ya timu ya taifa. Katika mchezo wa kwanza wa mashindano ya 1939, Lithuania ilikutana na Latvia, jirani na hasimu wake, na Lubinas ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho kilichowapa ushindi wa 37 kwa 36. Jambo lililobaki baada ya kikapu kile ndilo lenye uzito zaidi kwangu: wale aliowafundisha waliwafundisha wengine, na ujuzi ukaota mizizi hata baada ya yeye kurudi Marekani.

Vita vilipokuja, Lithuania, Latvia na Estonia zikamezwa na Muungano wa Kisovieti, na kwa nusu karne majina yao yakatoweka kwenye orodha ya mabingwa, ingawa wachezaji wao hawakutoweka. Wasovieti walipotwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza, mwaka 1947, kikosini mwao walikuwemo Walithuania na Waestonia, akiwemo Stepas Butautas. Katika miaka ya 1985, 1986 na 1987 klabu ya Žalgiris ya Kaunas ilitwaa ubingwa wa Muungano wa Kisovieti mara tatu mfululizo mbele ya CSKA, timu ya jeshi ya Moscow, na mwaka 1988 nguzo nne za timu ya Kisovieti iliyoshinda dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, yaani Sabonis, Marčiulionis, Kurtinaitis na Chomičius, zilitoka Lithuania. Ukisoma orodha ya mabingwa unaona Muungano wa Kisovieti una makombe 14 na kudhani kwamba hayo ni matunda ya ukubwa wa nchi. Kwa sehemu ni kweli, lakini sehemu nyingine ilitoka kwa watu wachache wa pwani ya Baltiki, ambao walipopata uhuru wao walirudi kucheza kwa bendera yao na kutwaa tena ubingwa mwaka 2003 huko Stockholm, kwa kuishinda Hispania 93 kwa 84.

Slovenia ina njia yake, ambayo inapitia Yugoslavia, nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kundi dogo la vijana wa Belgrade lilianza kuujenga mchezo huu karibu kutoka sifuri. Miongoni mwao walikuwa Nebojša Popović, Radomir Šaper, Borislav Stanković, ambaye baadaye aliiongoza FIBA kwa zaidi ya miaka 25, na Aleksandar Nikolić, ambaye wengi walimwita profesa. Nikolić alikwenda Marekani kujifunza, akarudi, akaandaa makocha ambao nao waliandaa wengine. Katika nasaba hiyo yumo Željko Obradović, aliyetwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara tisa, na ambaye mwaka 1997 aliiongoza Yugoslavia, wakati huo ikiwa imebaki Serbia na Montenegro tu, kutwaa ubingwa wa Ulaya kwa mataifa. Shule hii haikuishia Serbia. Ilienea Zagreb, Split, Sarajevo na Ljubljana, na ilikuwa Ljubljana, mwaka 1970, ambako Yugoslavia ilipata ubingwa wake wa kwanza wa dunia, nahodha akiwa Ivo Daneu, Mslovenia. Nchi ilipovunjika, kila kipande kiliondoka na makocha wake. Uchungu wa mgawanyiko huo ulionekana waziwazi Roma mwaka 1991: Slovenia ilijitangazia uhuru wakati mashindano yanaendelea, Jure Zdovc akaiacha timu kabla ya nusu fainali, na wenzake wakaenda kutwaa kombe bila yeye.

Kwa hiyo, Slovenia ya 2017 haikuzuka. Ilikuwa nchi yenye miaka michache kama taifa huru lakini yenye zaidi ya nusu karne ya mafunzo ya mpira wa kikapu. Mtazame Luka Dončić. Baba yake alikuwa mchezaji na baadaye kocha. Mtoto akaingia katika klabu ya Olimpija ya Ljubljana akiwa na miaka minane, na alipofikisha 13 akachukuliwa na Real Madrid, ambako alianza kucheza na watu wazima akiwa na miaka 16. Nchi ndogo haihitaji kumiliki kila hatua ya safari ya mchezaji. Ikimfundisha vizuri mwanzoni, ligi kubwa za jirani zitamalizia kazi, na majira ya kiangazi atarudi kuvaa jezi ya nyumbani.

Sasa tuje kwenye umbo la mchezo wenyewe, kwa sababu bila hilo hoja ya makocha haikamiliki. Kandanda inahitaji watu 11 uwanjani, na nchi yenye wawili walio bora sana bado itateseka ikiwa tisa waliobaki ni wa kawaida. Katika kikapu wanaocheza ni watano, kikosi kizima ni watu 12, na nyota anaweza kukaa uwanjani dakika 35 kati ya 40 huku akishika mpira karibu katika kila shambulio. Taifa la milioni mbili haliwezi kwa urahisi kuzalisha wanakandanda 20 wa daraja la juu kwa kizazi kimoja, lakini linaweza kuzalisha wanakikapu watano au sita.

Fainali ya 2017 mjini Istanbul inaonyesha jambo hili vizuri. Slovenia ilifika pale ikiwa haijapoteza mchezo wowote. Katika robo fainali ilikuwa imeishinda Latvia 103 kwa 97, na katika nusu fainali iliizidi Hispania kwa pointi 20, 92 kwa 72. Mpinzani wa mwisho alikuwa Serbia. Goran Dragić, mchezeshaji na nahodha, alifunga pointi 35, na Klemen Prepelič akafunga 21. Jumlisha: watu wawili walifunga pointi 56 kati ya 93 za timu. Katika robo ya tatu Dončić, aliyekuwa na miaka 18, aliumia kifundo cha mguu na hakurudi tena. Katika robo ya mwisho Dragić naye akakazwa na misuli, akatolewa nje, na Slovenia ikalazimika kuzimaliza dakika ngumu kuliko zote bila nyota wake wawili. Prepelič na wenzake walishikilia, mchezo ukaisha 93 kwa 85. Ninapowaonyesha makocha vijana mchezo huu huwaomba waangalie dakika hizo za mwisho tu: wachezaji wa benchi wanajua pa kusimama, nani azuie njia ili mwenzake apate nafasi ya kutupa, na lini waache muda uende. Hayo hayaletwi na kipaji cha mtu mmoja. Kumbuka pia kwamba kocha wa Slovenia, Igor Kokoškov, ni Mserbia, na aliyekaa kwenye benchi la Serbia alikuwa Aleksandar Đorđević, yuleyule aliyeifungia Yugoslavia pointi 41 katika fainali ya 1995 dhidi ya Lithuania. Benchi zote mbili zilitoka katika shule moja.

Kuhusu bahati, lazima nikubaliane nawe kwa sehemu. Serbia ile ilimkosa Nikola Jokić pamoja na mchezeshaji wake Miloš Teodosić, na Ugiriki ilikwenda bila Giannis Antetokounmpo. Mashindano haya huchezwa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya ligi kuanza, na nyota wengi huwa wamechoka, ni majeruhi, au wanalindwa na mikataba mikubwa ya Marekani, hivyo swali la nani amekuja na nani hakuja huamua mengi. Lakini ndani ya mchezo wenyewe nafasi ya bahati ni finyu kuliko katika kandanda. Timu hupata takriban mashambulio 70 kwa mchezo, na mtupo mmoja uliogonga chuma hufutwa na mingine mingi inayofuata, wakati katika kandanda goli moja la kubahatisha linaweza kuwa ndilo matokeo. Zaidi ya hapo, katika mfumo wa sasa timu 24 hugawanywa katika makundi manne ya timu sita, nne za kila kundi husonga mbele, kisha kuna raundi nne za mtoano, hivyo bingwa hucheza michezo tisa kwa muda wa chini ya wiki tatu. Slovenia ilishinda yote tisa. Siwezi kuliita hilo bahati.

Ukitaka kuona ubingwa ambao mazingira yalichangia kwa kiasi kikubwa, nenda mwaka 1949, ambapo bingwa wa Ulaya alikuwa Misri. Wakati huo Afrika haikuwa bado na mashindano yake, yaliyoanza mwaka 1962, na Misri ilikuwa ikicheza na Wazungu. Mwaka 1947 ilikuwa imeshika nafasi ya tatu huko Prague, kwa hiyo haikuwa timu dhaifu. Muungano wa Kisovieti, uliokuwa bingwa, haukuandaa mashindano yaliyofuata, yakapelekwa Cairo, na timu nyingi za Ulaya hazikusafiri. Zilicheza timu saba tu, miongoni mwao Syria na Lebanon, na Misri ikamaliza mbele ya Ufaransa na Ugiriki. Ubingwa huo ni halali na Wamisri wanastahili kuuonea fahari, lakini huwezi kuulinganisha na njia ngumu aliyopita Dragić.

Kuna hoja nyingine ambayo hukuiuliza lakini najua itakujia: wachezaji wa kigeni. FIBA huruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, na Slovenia ya 2017 ilimtumia Anthony Randolph, Mmarekani. Urusi ilitwaa ubingwa wa 2007 mjini Madrid kwa kikapu cha sekunde za mwisho cha J. R. Holden, Mmarekani mwingine aliyepewa uraia, ikaishinda Hispania 60 kwa 59. Ugiriki ya 1987 ilibebwa na Nikos Galis, mzaliwa wa New Jersey mwenye wazazi Wagiriki, aliyeifunga timu ya Kisovieti pointi 40 katika fainali iliyokwenda hadi muda wa ziada na kuisha 103 kwa 101. Kwa maoni yangu mgeni husaidia pale tu anapokuta nyumba imeshajengwa. Nchi nyingi za Ulaya zimempa uraia Mmarekani mmoja na bado hutolewa katika hatua ya makundi, kwa sababu mmoja hawezi kuwafundisha kumi na mmoja kwa mwezi mmoja wa maandalizi. Jambo hili ni tofauti na watoto wa wahamiaji waliolelewa na klabu za huko tangu wadogo. Ujerumani ilipotwaa ubingwa wa 2025 mjini Riga kwa kuishinda Uturuki 88 kwa 83, nahodha wake alikuwa Dennis Schröder, mzaliwa wa Braunschweig ambaye mama yake ni wa Gambia, na mmoja wa waliong’ara sana katika fainali alikuwa Isaac Bonga, aliyezaliwa Ujerumani na wazazi kutoka Kongo. Hao ni zao la Ujerumani.

Udogo una mipaka yake pia, nisije nikakupa picha ya uongo. Iceland, yenye watu wasiofika nusu milioni, imefuzu mara tatu, 2015, 2017 na 2025, jambo la kustaajabisha kwa nchi ya kiasi hicho, lakini katika mara zote tatu imerudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Nchi kubwa inapoamua kufanya kazi ileile ya makocha na vijana, idadi ya watu wake inaanza kuhesabika. Hispania ndiyo mfano bora: ilitwaa mwaka 2009, 2011 na 2015 ikiwa na kizazi cha Pau Gasol, kisha mwaka 2022, kizazi hicho kikiwa kimekwisha na wengi wakiwa wameshaikatia tamaa, kocha Sergio Scariolo akaishinda Ufaransa 88 kwa 76 mjini Berlin kwa wachezaji ambao majina yao hayakuwatisha watu. Hata hivyo, Hispania hiyohiyo iliaga katika hatua ya makundi mwaka 2025, na Serbia ya Jokić ikatolewa na Ufini katika 16 bora.

Slovenia yenyewe haijapata tena medali ya Ulaya tangu 2017, ingawa Dončić amekuwa mchezaji bora zaidi kuliko alivyokuwa wakati ule. Mwaka 2022 ilitolewa na Polandi katika robo fainali, 90 kwa 87. Mwaka 2025 Dončić aliifunga Ujerumani pointi 39 katika robo fainali, na timu yake ikapoteza 99 kwa 91. Dragić alikuwa ameshastaafu, Randolph hayupo, na wale wa kumsaidia Dončić walipungua. Nchi ya watu milioni mbili ikimpoteza mchezaji mmoja wa daraja la Dragić inaweza kusubiri miaka 10 kumpata wa kuziba pengo lake, wakati Ufaransa ilimkosa Victor Wembanyama mwaka 2025 na bado ilikuwa na kikosi cha wachezaji wa ligi ya Marekani. Kwa hiyo, kama utaifuatilia Slovenia kuelekea mashindano ya 2029, usihesabu pointi za Dončić. Angalia kinachotokea uwanjani katika zile dakika chache anapokwenda kupumzika benchi: kama timu inaendelea kupata mitupo ya wazi na tofauti ya pointi haiyeyuki, watakuwa wameshapata watu wao wengine.